Naomba ushauri: maji ya kisima kwa maziwa ya kopo ya mtoto

Habari zenu wakuu. Nipo Uyole, Mbeya. Mwanangu ana miezi 7, narudi kazini, kwa hiyo ataanza maziwa ya kopo, na maji tunayotumia ni ya kisima kirefu cha jirani. Hofu yangu ni floraidi, yale madini ya kwenye maji ambayo yakizidi yanaharibu rangi ya meno. Nimekulia Arumeru, meno yangu ya mbele ni kama yamelowekwa kwenye chai ya rangi, mpaka leo nacheka nimeziba mdomo. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua, floraidi inabaki. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Mama mkwe anasema meno ya utotoni si yatang'oka tu! Kumbe ya ukubwani ndiyo yanajijenga sasa hivi ndani ya fizi. Nikinge ya mvua? Mliopima, sampuli mlipeleka wapi, na bei gani?