Gemu ya mradi wa chuo: mvuvi wa dagaa, binti wa milimani au Mwanamalundi? Naomba ulinganisho

KijanaWaNyegezi
Wakuu, habari za jioni. Tuko watatu, tunatengeneza gemu ya mradi wa mwisho, na Ijumaa hii tunatakiwa kumpelekea msimamizi mhusika mkuu mmoja pamoja na michoro yake. Tumechuja hadi wakabaki watatu, hapo ndipo tukakwama.

Wa kwanza ni Masanja, miaka 17, mvuvi wa dagaa Ziwa Victoria. Anatoka usiku na mtumbwi, ameshika taa mkononi, na taa ikizimika amekwisha. Wa pili ni Kabula, binti wa Bugarika, hapa Mwanza, anayepandisha maji kwenye ile milima ya mawe, anaruka jiwe hadi jiwe na ndoo kichwani. Wa tatu ni Mwanamalundi, yule yule wa simulizi za Wasukuma, akinyoosha kidole mti unakauka.

Mimi moyo wangu uko kwa Masanja. Nani ana mvuto zaidi? Nawasilisha.

Fundi_Pikseli
Mkuu, hapo hakuna wa kukujibu. Ni 2D au 3D? Simu au kompyuta? Nani anachora, na mmebakiwa na wiki ngapi? Lete hayo kwanza.

BintiWaUkara
Kabula, wala msihangaike. Kabula ni jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, halafu ninyi mmempa kazi ya kutafuta maji. Mlikusudia? Kama hamkukusudia, mmeokota dhahabu, msiitupe. Na ndoo kichwani haihitaji maelezo. Mtoto wa miaka sita akiiona anajua isimwagike.

NgoshaHalisi
Mwadila wakuu. Mimi nasema Mwanamalundi, na jina mliandike vizuri: Ng'wanamalundi. Jina lake la kuzaliwa ni Igulu Bugomola. Vijana wetu wanawajua mashujaa wa Japani na Marekani kwa majina na silaha zao, huyu wa kwetu wanamsikia msibani wazee wakipiga soga. Mkimwacha ninyi wa Mwanza, mnamwachia nani?

KijanaWaNyegezi
Fundi, samahani. Ni 2D, ya simu. Tunatumia Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa sababu ni ya bure na laptopu yetu ina memori ya GB 4 tu. Anayechora ni mmoja, dada wa kundi letu. Wiki tisa.

Fundi_Pikseli
Bado hujasema kubwa kuliko yote: mchezaji anaangalia kutoka juu au kutoka ubavuni?

KijanaWaNyegezi
Hatujaamua. Tulidhani tuchague mhusika kwanza.

Kalamu_ya_Kirumba
Kaka, hapo hapo simama, maana lilinikuta. Mwaka wangu wa mwisho mhusika wetu alikuwa mama muuza samaki. Nilimchora kwenye karatasi siku nne: kitenge cha maua na ndege, shanga shingoni, beseni la sato kichwani. Kila aliyemwona alimsifu. Na sisi hatukuwa tumeamua mchezaji anaangalia kutoka wapi. Tukaja kuamua kutoka juu, maana yake atembee pande nne. Tukapanga kila upande fremu (picha moja moja za mwendo) nane za kutembea, nane za kukimbia, nane za kubeba mzigo. Zidisha: picha 96. Na katika kila picha yale maua ya kitenge yakae pale pale yalipokuwa kwenye picha iliyotangulia, la sivyo mama akitembea nguo inatokota kama uji. Wiki ya tano nilikuwa picha ya 31. Wiki ya saba umeme ulikatika nikiwa nahifadhi, faili likaharibika, nakala nyingine sina. Siku ya kuwasilisha tulikuwa na mama mwenye gauni la buluu tupu, anakwenda kulia na kushoto basi. Msimamizi akauliza yule wa kwenye karatasi yuko wapi. Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile, mhusika namchora kwanza mweusi tii, umbo tu, kwa ukubwa ule ule atakaoonekana kwenye skrini ya simu. Nisipomtambua hapo, namwacha. Mario wa 1981, yule wa gemu za Nintendo, alizaliwa kwa kubanwa hivyo hivyo: pikseli (vile vinukta vya picha) za kuchora mdomo hazikutosha, mbunifu wake Shigeru Miyamoto akampa masharubu, na nywele zilivyosumbua akamvika kofia.

Fundi_Pikseli
Hapo umenena. Sasa tuwapime kwa kivuli. Kabula na ndoo: unamjua papo hapo, na kwa gemu ya kuruka kutoka ubavuni unachora upande mmoja, wa pili unaugeuza tu. Ila nywele na gauni vitataka kuyumba. Masanja ana siri ambayo hamjaiona: amekaa kwenye mtumbwi, miguu haionekani. Hakuna fremu za kutembea kabisa! Anapiga kasia, anavuta wavu, anainua taa, kwisha. Na usiku unawafichia nusu nzima ya mandhari. Tahadhari moja: msiweke taa halisi za Godot nyingi kwa pamoja, simu za bei nafuu zitalemewa. Chora duara la mwanga linalofifia ukingoni, lipachike juu ya picha.

MzeeWaMwaloni
Nimesoma kimya, lakini hii taa ya mkononi imenishinda. Vijana, nani aliwaambia mvuvi wa dagaa anashika taa? Taa zinaelea majini juu ya vyelezo, tena si moja. Unaziacha dagaa wajikusanye chini ya mwanga, ndipo unazungusha wavu. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wamehamia taa za betri na sola. Mkimchora na taa mkononi, mtoto yeyote wa Kirumba atajua hamjawahi kufika mwaloni, samaki wanakoshushwa.

KijanaWaNyegezi
Mzee wangu, shikamoo. Hilo kwa kweli sikulijua. Kumbe mchezaji azilinde taa zilizoachwa majini, asishike yoyote. Inabadilisha gemu nzima.

MzeeWaMwaloni
Marahaba. Na wekeni mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawajikusanyi kwenye taa, watu wanapumzika, wanashona nyavu. Kazi ni usiku wa giza.

BintiWaUkara
Basi kwa nini mvuvi asiwe Kabula mwenyewe? Mtumbwi, vyelezo, giza, na binti ndani yake.

MzeeWaMwaloni
Mwanangu, wanawake kazi yao kubwa iko nchi kavu: kuanika, kugeuza, kuuza. Sijawahi kumwona binti akivuta wavu wa dagaa usiku.

BintiWaUkara
Mzee, kwa heshima zote, wapo wanawake wenye mitumbwi yao, na wavuvi wanaume wanachukua posho mikononi mwao. Anayemiliki mtumbwi hawezi kuwa mhusika mkuu? Na huko kuanika mnakokupita haraka, mvua ikitishia na dagaa wametandazwa mchangani, mbio zile ni gemu kamili.

Kalamu_ya_Kirumba
Hiyo ya kukimbizana na mvua ni tamu kuliko zote tatu.

NgoshaHalisi
Naona mmemzika Ng'wanamalundi bila msiba.

Kalamu_ya_Kirumba
Ngosha, simdharau. Shida yangu ni moja: akinyoosha kidole kila kitu kinakauka, mchezaji ataogopa nini? Na yule mtu aliishi kweli, ana ukoo. Wanafunzi wakimkosea, nani ataomba radhi?

NgoshaHalisi
Ndiyo maana mwende Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, mkaulize kabla ya kuchora. Na kidole si lazima kiwe silaha. Kuna Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana tangu enzi za mabibi na mababu. Wanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na anayewavuta watazamaji wengi upande wake ndiye mshindi. Wengine wanaingia na chatu, wengine na majembe. Tengenezeni mcheza ngoma wa kubuni, si lazima Ng'wanamalundi mwenyewe. Idadi ya watu ndiyo alama zako, mchezaji anaiona ikihama mbele ya macho yake.

Fundi_Pikseli
Umati wa watu, laptopu ya GB 4, mchoraji mmoja. Ngosha, umewahurumia kweli hawa?

NgoshaHalisi
Umati ni vichwa vyeusi kwa mbali. Si mmesema wenyewe kivuli kinatosha?

BintiWaUkara
Na huyo dada anayechora, mmemuuliza? Picha zote ni mkono wake, na humu hatujamsikia.

KijanaWaNyegezi
Nimempigia sasa hivi. Anasema Kabula, lakini aliposikia habari ya vyelezo akanyamaza, kisha akaniomba picha za taa zenyewe. Mzee, nikija Kirumba kesho jioni nitaziona zikiwashwa?

MzeeWaMwaloni
Wiki hii ni mbalamwezi, hakuna atakayetoka. Ila taa na vyelezo vimelazwa ufukweni, njooni asubuhi mvipime. Mkitaka kuziona zikiwaka, subirini giza.

KijanaWaNyegezi
Giza linaanza lini? Ijumaa ni keshokutwa.