Naomba ushauri: kutambua jogoo na mtetea kwa vifaranga wa Silkie

Habari zenu wafugaji wenzangu. Ninafuga kuku wa Silkie hapa Nkuhungu, Dodoma, na vifaranga wangu wamefikisha miezi mitatu, lakini bado sijaweza kutenganisha majogoo na mitetea. Kwa kuku wetu wa kienyeji ningetazama manyoya ya shingo na ya kiunoni, ambayo kwa jogoo huchongoka na kung'aa. Silkie manyoya yake yote ni laini kama pamba, hivyo dalili hiyo haipo. Ninachokiona ni kwamba wawili weusi kishungi chao kimeanza kulala kuelekea nyuma kikiwa na nyuzi ndefu, na upanga wao umepanuka juu ya mdomo, ilhali wengine wana kishungi cha mviringo na upanga mdogo sana. Je, dalili hizo zinatosha kwa umri huu, au nisubiri hadi miezi sita au zaidi, wawike au watage? Mnunuzi anataka mitetea pekee kwa ajili ya kuatamia mayai, kazi ambayo Silkie huifanya vizuri mno, nami nisingependa hata kidogo kumuuzia jogoo. Mwenye uzoefu anieleze pia lipi la kuaminika zaidi, upanga au kishungi.