Yule mwenye lenzi refu kama mzinga: leo umenisogeza kama PAZIA?!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, chai sijanywa, viatu vina tope la mto Kallang mpaka kwenye kamba. Simtaji. Mnaoishi huku Singapore mnamjua: kizibao chenye mifuko kumi na saba, kofia ya vitani, na lenzi ambalo likianguka treni zinasimama. Ndiye yule anayezungumzia fisi maji utadhani kawazaa yeye.

Nimeamka saa kumi. Saa KUMI, mimi ambaye daku huwa naamshwa kwa kumwagiwa maji! Nikaenda mtoni pale Bishan giza totoro, jua la huku halitoki mpaka saa moja, nikakaa kwenye jiwe mbu wananila kama pilau ya msibani. Nimesubiri miaka mia mbili.

Mara nasikia vifilimbi majini. Wii, wii. Vichwa kumi na kimoja, nimehesabu! Wakapanda ukingoni, wakajigaragaza mchangani kujikausha, kisha ukoo mzima ukaenda haja sehemu moja, mikia juu, bila aibu. Mama akamdaka mtoto kwa ngozi ya shingo akamburuta majini kumfundisha kuogelea, mtoto anapiga kelele hataki. Mwingine kakaa pembeni na perege kamshika kwa mikono miwili kama hindi la kuchoma, anaanzia kichwani, karau, karau. Machozi yakaanza kunilenga.

Hapo ndipo nikahisi vidole begani. Hakuna "samahani dada", hakuna "nipishe", hata kikohozi hakuna. Akanisogeza. KAMA PAZIA. Macho kwenye kamera, kama mtu anayechungulia nani kagonga hodi. Halafu: "Unanikingia mwanga."

Mwanga upi? Jua lenyewe lilikuwa bado linapiga mswaki!

Wenye nchi walisafisha mito hii miaka 10, 1977 mpaka 1987, wakahamisha mabanda ya nguruwe na bata. Mwaka 2012 pale Bishan mfereji wa zege ukawa umeshavunjwa, mto unapinda unavyotaka. Fisi maji waliokuwa wametoweka wakarudi wenyewe. Kazi yote hiyo ili mtu mzima aje anisogeze kama pazia? Tena kwa vidole viwili, kama unavyoshika pazia la choo cha stendi. Na mkono wenyewe wa KUSHOTO.

Huyu ana mama kweli?

Siti ya Mbele: Nimewahi. Leteni karanga.

Mzaramo Halisi: Pole dada. Pazia la kitenge au la neti?

Shemeji wa Wote: HUYO HUYO! Alimwambia mwanangu "shh" kwa kupiga chafya. Mtoto ana miezi minane!

Mpangaji Mnyonge: Nyie endeleeni kuwasifia. Wamepita kwenye bwawa la jengo ninalopanga wakamaliza koi wote, wale samaki wa mapambo, wamebakiza magamba. Mlinzi anasema hakuona kitu. Kundi zima limepita getini likiwa limelowa, hakuona kitu!

Mwenye uzi: Poleni kwa samaki mkuu, ila turudi kwenye pazia.

Mvuvi Mstaafu: Mnaamka saa kumi kumpiga picha mwizi? Sisi Ukerewe tunawafukuza kwa makasia. Anaingia kwenye nyavu, anakula sato, anakuachia tundu la kupita punda.

Kijana wa Dodoma: Samahani wakubwa, fisi maji ni fisi aliyejifunza kuogelea?

Mvuvi Mstaafu: Siyo fisi kabisa. Mfikirie nguchiro aliyepata ajira majini.

Nilikuwepo: Dada, sema ukweli wote. Ulikuwa umefungua mwavuli. Mwavuli wa maua, mkubwa, wa kuuzia vocha. Nyuma yako tulikuwa watu tisa, tumeona maua tu.

Mwenye uzi: Kulikuwa na umande!

Mzaramo Halisi: Kumbe pazia la maua 😂😂

Siti ya Mbele: Uzi umegeuka. Karanga hazijaisha.

Mwenye uzi: Hata kama! Mkono wa KUSHOTO, jamani!

Bi Mkora: Afadhali wewe umesogezwa. Mimi juzi pale mtaa wa Little India kuna mdada (anajijua) kanipenya ubavuni akanyakua pakiti ya mwisho ya unga wa mahindi huku nimeshainyooshea mkono. Nimelalia tambi.

Shemeji wa Wote: Ule wa njano? Ule si unga, ni adhabu.

Bi Mkora: Mweupe, shemeji. MWEUPE.

Mpangaji Mnyonge: Mweupe upo huku?! Duka gani?

Nilikuwepo: Uchochoro wa nyuma ya msikiti, kwa yule mzee wa viungo. Jana wameshusha, nimeacha pakiti nne.

Mvuvi Mstaafu: Ugali bila sato ni nini?

Mwenye uzi: Nne kweli? Anafungua saa ngapi?