Uhura wa Star Trek: jina ni letu au si letu? Kreti ya soda iko mezani

BandaLaMwanga ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina banda la video hapa Mwanga, Kigoma. Benchi sita za mbao, runinga ya inchi 43, feni moja inayozunguka ikijisikia. Mpira ndio unaonilisha, ila katikati ya wiki mpira hakuna, kwa hiyo naweka filamu na tamthilia. Mia tatu tu, unakaa mpaka uchoke mwenyewe.

Juzi mteja mmoja anayesoma chuo Dar kaniletea flashi imejaa Star Trek, tamthilia ya Kimarekani ya chombo kinachosafiri kwenye nyota, ile ya zamani kabisa ya 1966, rangi zimekolea kama khanga ambayo haijafuliwa. Nikaiweka Jumanne nikijua watu watatoka mmoja mmoja. Hawakutoka. Kuna dada mweusi kavaa gauni jekundu, kachomeka kidude cha chuma sikioni, wanamwita Uhura. Banda zima likalipuka.

Fundi baiskeli wangu kasema hilo ni neno letu, wazungu walilichukua tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Kijana wa vocha kasema acheni ushamba, hilo ni la Kijapani, mbona jamaa anayeendesha chombo ni Mjapani na anaitwa Sulu? Halafu mama mmoja anayekaangia mihogo pale mlangoni pangu, ambaye hata kiingilio halipi, akasema yeye amemsikia huyo dada akisemeshwa Kiswahili na mwanamume kwenye korido, "tena anatongozwa." Wakamcheka, wakamwambia moshi wa mafuta umempanda kichwani. Nikataka kurudisha nyuma tuhakikishe, umeme ukakata.

Sasa kuna kreti ya soda. Hela nimeshika mimi, na kila mmoja ananipigia simu kana kwamba nimemdhulumu. Mwenye uhakika anisaidie. Natanguliza shukrani.

Mnyamwezi_Asili amejibu:

Watu wa mwisho wa reli bwana, hamkosi kesi. Mimi niko Tabora na jibu ninalo. Huyo mama kachanganya. Anayeongea lugha ya huku ni yule rubani mwenye mashavu yanayoning'inia, mwenye macho makubwa meusi, anakaa pembeni ya jamaa mweusi mwenye joho. Anaongea Kikuyu na Kikalenjin kabisa! Sauti ilitiwa na mwanafunzi wa Kenya anaitwa Kipsang Rotich. Kwa hiyo soda nitumieni mimi, treni ipo.

BandaLaMwanga amejibu:

Mkuu hiyo ni Star Wars. Filamu ya 1983. Soda huli.

Mnyamwezi_Asili amejibu:

Si zote nyota tu?

SimuYaUpepo amejibu:

Kijana mwenye banda, usimpe mtu hata chupa moja kabla hujasoma hapa.

Mimi nimezaliwa Uvinza na nimefanya kazi ya simu ya upepo miaka zaidi ya thelathini, muda mwingi katika vyumba vidogo vya stesheni kati ya Tabora na Kigoma. Nimestaafu, macho yangu bado mazima, masikio ndiyo yanadai. Mjukuu wangu alinipakulia hiyo Star Trek yote, sehemu 79, misimu mitatu, 1966 hadi 1969. Nilizitazama masika moja, mvua inapiga bati, bibi yenu ananiuliza kama nimerudi utoto.

Kilichonikamata si vita wala Spock, yule mwenye masikio ya popo. Ni mkono wa huyo dada. Mtazame vizuri. Ujumbe ukija, anapeleka vidole sikioni, anabonyeza kidogo, macho yanahama kutoka kwa watu waliomo chumbani. Wenzake wote wanatazama mbele kwenye kioo kikubwa, yeye peke yake anatazama pasipo na kitu. Ndivyo tulivyokuwa. Ukimwita mwenzako wa Malagarasi kukiwa na radi, sauti yake inakuja imelowa, maneno matatu kwa kumi, na stesheni masta amesimama nyuma yako anakuuliza "amesemaje, amesemaje?" kama vile unamficha. Anayesikia kwanza ni wewe. Kama behewa limetoka kwenye njia, unalijua wewe kabla ya mkubwa yeyote, na unalibeba hilo sekunde tano peke yako. Sijui nani alimfundisha yule dada kukaa vile, lakini alikaa kama mtu wa kazi.

Turudi kwenye kesi. Nichelle Nichols, ndiye mwigizaji, alisimulia mara nyingi kwamba siku aliyokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi kinaitwa Uhuru. Ni riwaya ya Mmarekani Robert Ruark, ilitoka 1962, inahusu Kenya ikikaribia kujitawala. Nafasi yake ilikuwa bado haijaandikiwa maneno, wakampa asome ya Spock. Mwenye kipindi, Gene Roddenberry, akalipenda hilo neno la kwenye jalada, ila likaonekana zito kuwa jina la mtu, wakalilainisha likawa Uhura. Kwa hiyo fundi baiskeli amepata nusu: neno ni letu, lakini lilipita Kenya, halikupita kwetu, na 9 Desemba haimo. Kijana wa vocha hana chake. Hata Sulu lenyewe si la Kijapani. Roddenberry alilitoa kwenye Bahari ya Sulu, huko Ufilipino, akitaka jina lisiloelemea nchi moja ya Asia.

Hapa nina langu la kusema. Eti walilainisha. Kiswahili hakina maneno ya kike na ya kiume, ukitia "a" mwishoni humgeuzi mtu kuwa mwanamke. Nina mpwa wangu wa kike kazaliwa Desemba 1961, anaitwa Uhuru, na hakuna siku alihitaji kulainishwa. Mkitaka kujua ugumu wake mwulizeni mumewe.

Sasa mama wa mihogo. Mwombeni radhi. Hakuota.

Sehemu hiyo inaitwa The Man Trap, ndiyo iliyorushwa ya kwanza kabisa Marekani, 8 Septemba 1966, ingawa si ya kwanza kupigwa picha. Kuna kiumbe, wa mwisho wa aina yake katika sayari yao, anaweza kuvaa sura ya mtu unayemuwaza. Kwa daktari McCoy alikuja na sura ya mwanamke waliyependana zamani. Kwa Uhura, pale koridoni, alikuja kama kijana mweusi mtanashati, akamsemesha Kiswahili. Lafudhi ni ya Kimarekani, inabidi utege sikio, lakini ni Kiswahili. Na mama alisema kweli, ni kutongoza kule. Kilichomwokoa dada wa watu ni kuitwa kazini.

Lakini mnajua yule kiumbe alitaka nini? Chumvi! Hanywi damu, hali nyama, anafyonza chumvi mwilini mwa mtu, anamwacha na miviringo myekundu usoni. Nilisimamisha picha nikacheka peke yangu mpaka bibi yenu akaja kuchungulia. Kumbe Kiswahili cha kwanza kwenye kile chombo cha nyota kilisemwa na zimwi lenye njaa ya chumvi, na mimi ni mtu wa Uvinza.

Nyie watoto wa mjini chumvi mnaijua kwenye pakiti. Uvinza maji yenyewe yanatoka ardhini yakiwa na chumvi, karibu na pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na watu wanayachemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Watu walikuwa wanakuja kwa miguu kutoka mbali kuifuata. Mimi nimeikuta enzi za magunia. Yalipangwa stesheni yakingoja behewa, na gunia la chumvi halikai kavu, linatoka jasho. Saruji ya pale chini ilimeguka kama mkate wa jana, na reli ya pembeni ilikuwa na kutu nyekundu ambayo ukiikwangua kwa kidole unakuta chini yake nyingine. Tukiwa watoto tulilamba viganja tukitoka kucheza kule. Kwa hiyo nilipomwona kepteni Kirk anaingia na vidonge vya chumvi kwenye kiganja, anamtega navyo yule kiumbe, roho iliniuma. Mwenzenu kabaki peke yake duniani kwao, ana njaa, na ninyi mnamnyooshea vidonge kama mtu anayeita kuku. Walimuua mwisho wake. McCoy ndiye aliyefyatua, akiwa anaiona bado ile sura ya mpenzi wake.

Kiswahili kilirudi tena 1967, sehemu ya The Changeling. Mashine moja inamfuta Uhura kumbukumbu zote, anafundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea, neno la bluu linamshinda. Akikwama anakimbilia Kiswahili. Hiyo ngoja umeme utulie uwawekee.

DadaWaGungu amejibu:

Shikamoo mzee SimuYaUpepo. Nimekusoma mara mbili.

Naongeza kidogo tu, mimi nafundisha fizikia sekondari na huyu dada nimemtumia darasani. Katika kile kipindi cha 1966 hakuwahi kuitwa jina la kwanza, ni Uhura tu mpaka mwisho. La Nyota lilipendekezwa na mwandishi William Rotsler kwenye kitabu cha 1982, Roddenberry na Nichols wakaridhia, lakini kwenye skrini halikutamkwa mpaka filamu ya 2009. Humo Kirk anahangaika filamu nzima kutaka kulijua, anakuja kulisikia kwa Spock. Kwa hiyo wakuu, jina lote ni Nyota Uhura. Wanafunzi wangu wakisikia wanadhani nimemtunga.

Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, aende zake kwenye jukwaa la muziki na maigizo. Aliyemzuia ni Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi wa Marekani. Walikutana kwenye hafla, King akamwambia yeye ni shabiki, kwamba hicho ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe waliwaruhusu watoto wao kukesha wakitazama, na kwamba asithubutu kuondoka. Akarudi kazini.

Ila ninachowaambia wasichana wangu ni hiki kingine. Miaka ya 1970 NASA, shirika la anga la Marekani, ilimtumia azunguke kuwahamasisha wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga. Na Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, Septemba 1992, alikuwa amemtazama Uhura akiwa mtoto. Akiwa kule juu alikuwa akianza zamu kwa maneno ya Uhura, kwamba masafa ya kuita yako wazi. Mwaka uliofuata akaigiza kidogo katika Star Trek: The Next Generation. Nichols alifariki 30 Julai 2022. Januari 2024 sehemu ya majivu yake ilirushwa angani na roketi ambayo jina lake, sikutanii, ni Vulcan, kama sayari ya kwao Spock.

Kuna msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Madam, kama ni Mwafrika, kwao ni wapi?" Katika Strange New Worlds, Star Trek nyingine ya 2022, wamesema wazi, Kenya. Darasa zima likanuna.

Mnyamwezi_Asili amejibu:

Kenya tena! Mlima wanasema wao, sasa na nyota?

Swali la kizushi: kwa nini hawatui na chombo, wanayeyukayeyuka tu kama panadol kwenye maji?

SimuYaUpepo amejibu:

Marahaba mwalimu. Hilo la masafa umenigusa. Sisi tulisema "nakupata, ova," ni jambo lile lile.

Wa Tabora: hela, mwanangu. Kupiga picha chombo kikitua kila wiki ilikuwa gharama, wakabuni njia ya kuyeyuka. Umaskini umezaa kitu ambacho watu hawakisahau.

Na mtu asije kuniambia mambo haya tulikuwa tunayajua zamani. 1966 Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walianza 1973, sisi 1994. Uhura alikuwa anasema Kiswahili kwa watu wasiokijua, na wenye Kiswahili tulikuwa tumekaa gizani tunasikiliza redio.

BandaLaMwanga amejibu:

Wakuu nimerudi. Jana umeme ulikuwepo, nikairudia ile ya koridoni, sauti mpaka mwisho. Banda lilijaa mpaka dirishani. Yule kijana alipofungua mdomo, kimya. Halafu vijana wakaanza kupiga benchi. Mama wa mihogo hakuingia hata ndani, alikuwa anageuza mihogo yake, akasema "niliwaambia," basi.

Nilisoma maneno ya mzee kwa sauti. Uamuzi wa banda: fundi chupa sita, mama chupa kumi na nane, kijana wa vocha anarudisha kreti tupu dukani kwa mguu. Amekubali ila ananung'unika kwamba Sulu bado anafanana na Mjapani. Nimemwambia aliyeigiza, George Takei, wazazi wake ni wa asili ya Kijapani kweli, akafurahi kama ameshinda.

Tulipofika mwisho, kiumbe kinakufa, mama akaacha mwiko akaja kusimama mlangoni. Akauliza kwa nini wasingempa chumvi tu. Nikamwambia alikuwa ameshaua watu. Akaangalia kile kikopo chake cha chumvi na pilipili, akasema angepita hapa kwake mlangoni asingeua mtu, angekula akaenda zake, na pilipili ingemkomesha kutongoza.

Mzee SimuYaUpepo, amekutengea chupa mbili katika zake. Uko upande gani wa mji nikuletee?

SimuYaUpepo amejibu:

Katubuka. Iwe ya machungwa, na isiwe ya baridi, meno. Mwambie mama nitamletea chumvi ya nyumbani, anipe mihogo ya mia tano.