Binti yangu wa miaka 8 anataka kuigiza na kufanya matangazo, naanzia wapi?

Mama Nasra: Habarini wanajukwaa. Binti yangu yuko darasa la tatu hapa Tabata, akijifunga kanga tu kichwani keshakuwa bibi anagombeza wajukuu, mkono kiunoni, sauti inakwaruza, majirani wanakuja kukaa barazani kumwangalia. Sasa kuna mtu kanitafuta wasap anasema ana ejensi ya watoto, nilipe laki 3 na nusu ya fomu na picha halafu kazi za matangazo zitakuja zenyewe. Baba yake hataki hata kusikia. Mi natamani apate nafasi ila naogopa, mliopitia nisaidieni jamani.

Baba Wawili: Dada usitoe hata mia! Mimi nililizwa hivyohivyo, mwanangu akavalishwa suti ya kuazima akapigwa picha, jamaa kapotea na simu haipatikani mpaka leo. Ejensi wa kweli anakata asilimia yake mtoto akishalipwa, siyo kabla. Picha piga mwenyewe kwa simu, asubuhi, karibu na dirisha, nyuma ukuta mtupu, asipakwe chochote usoni. Moja uso, moja mwili mzima, na kivideo anataja jina na umri. Inatosha kabisa.

Mshika Taa: Nafanya kazi kwenye shuting. Wengi wanadhani tunatafuta mtoto mzuri wa sura, hapana, tunatafuta anayesikia akiambiwa rudia na akarudia bila kununa. Tangazo la juisi mtoto anaweza kunywa funda lilelile mara 15, mpaka tunaweka ndoo pembeni atemee maana tumbo linajaa, na hapo kasubiri masaa matatu kwenye joto. Wewe usiondoke lokesheni hata kidogo, hata wakikwambia unamtoa kwenye mudi. Mkataba usome picha zitatumika miezi mingapi na wapi, bango la barabarani siyo sawa na posti ya Instagram. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kazi za usiku, saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, wakikuita saa 4 usiku kataa.

Wa Nairobi: Huku kwetu wengi huanzia drama za shule na jukwaani. Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wa Hollywood, alicheza Juliet wa Romeo na Juliet akiwa na miaka 14 na kundi la maigizo la Phoenix Players hapa Nairobi, kabla ya hizo kamera zote. Muulize mwalimu wake kama kuna klabu, huko atazoea watu bila kulipishwa.

Mama Nasra: Asanteni sana, yule mtu nimeshambloku. Baba yake kasema sawa bora niwepo mwanzo mpaka mwisho. Kesho asubuhi tunapiga picha, ila kang'ang'ania kanga ya bibi ionekane.

Mshika Taa: Kanga iweke kwenye video mama, kwenye picha tunataka kuona uso wake.