Clint Eastwood alitokaje kwenye kuigiza mpaka kudairekti?

Zabibu_Mbichi
Wakuu habari za jioni, nina kakikundi ka maigizo huku Nkuhungu Dodoma, nimeigiza sana sasa nataka nidairekti mwenyewe ila wenzangu wanasema mwigizaji abaki kuigiza. Nikawatajia Clint Eastwood, wakanijibu yule kabebwa na jina. Ni kweli? Alafu kamera tunakodi kwa siku, kwahiyo muda ndo hela.

Mzee wa Majengo
Jina lilimsaidia bwana tusidanganyane, ila alisota. Kaanza na tamthilia ya kauboi ya kwenye TV, Rawhide, 1959 mpaka 1965, na humohumo katikati akaenda Ulaya kucheza zile filamu za dairekta Sergio Leone zilizopigwa Hispania, zile za mwamba anavuta sigara haongei, tulijazana nazo mabanda ya video. Kote huko anawasoma madairekta. Ya kwanza kudairekti ni Play Misty for Me, 1971, bajeti ndogo, kapigia hukohuko Carmel maeneo ya kwake, na yule dairekta wake Don Siegel akampa kipande acheze mhudumu wa baa! Yaani mwalimu wako yumo kwenye seti yako.

binti_UDOM
Kwenye muda huyo babu ndo mwenyewe, teki moja au mbili, yaani kipande anakirekodi mara moja au mbili tu, anasonga mbele, na watu wa kamera ni walewale miaka na miaka. Hata "action" hapigi kelele, alizoea kwenye zile za kauboi farasi wakisikia makelele wanashtuka. Ila mdogo wangu usimuige kichwakichwa, yeye anapiga teki moja na waigizaji waliokomaa, nyie fanyeni mazoezi kwanza kabla hamjalipia kamera.

Zabibu_Mbichi
Nimekupata dada. Oscar alipata lini?

Mzee wa Majengo
1993, Unforgiven, dairekta bora na filamu bora. Skripti kainunua miaka ya 80 mwanzoni akaifungia kabatini mpaka azeeke ndo aicheze, na mwishoni kaandika ni kwa ajili ya Sergio na Don. 2005 akarudia na Million Dollar Baby ana miaka 74. Alafu waambie hao wenzako, Oscar ya kuigiza hajawahi kupata hata moja.

Zabibu_Mbichi
😂😂 Hiyo naenda nayo Jumamosi. Shikamoo mzee. Kuna mwenye taa za kuazimisha huko mjini?