Mpangaji ana malimbikizo ya kodi na bati linavuja: sheria inatudai nini wenye nyumba?

MwanaKisauni:
Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninafanya kazi Nairobi, lakini mama yangu ana nyumba ya kupangisha huko Kisauni, Mombasa. Ina vyumba sita, kila kimoja shilingi 4,500 kwa mwezi, na makubaliano yote ni ya mdomo. Anayekusanya kodi ni mdogo wangu. Mpangaji mmoja ana malimbikizo ya miezi mitatu, naye anadai kwamba tangu masika yaanze bati linavuja juu ya kitanda chake, na kwamba amelalamika mara kadhaa bila kusikilizwa. Mdogo wangu amekasirika na anataka kung'oa mlango wa chumba hicho na kumkatia maji, kama afanyavyo jirani yetu. Mama ameniomba niulize kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa. Je, tunawajibika kwa lipi, ikizingatiwa kwamba hakuna mkataba wa maandishi?

Msomasheria:
Wa alaykum salaam. Nianze na mlango, kwa kuwa ndio wenye haraka: usiguswe, na maji yasikatwe. Mpangaji kuwa na deni hakumwondolei haki ya kukaa kwa utulivu katika chumba alichokodi, na mwenye nyumba anayejichukulia hatua mkononi humpa mpangaji sababu ya kumshtaki yeye, hata kama deni ni la kweli.

Kukosekana kwa mkataba wa maandishi hakuwapunguzii wajibu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inakubali upangaji wa mwezi kwa mwezi ulioafikiwa kwa mdomo, na kifungu cha 65 kinahesabu ahadi kadhaa za mwenye nyumba kuwa zimo ndani ya kila upangaji, ziwe zimetamkwa au hazikutamkwa. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaliwa na binadamu siku mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa muda wote anaokaa. Pale panapopangishwa sehemu tu ya jengo, kama ilivyo kwenu, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia zinazotumiwa na wote ni juu ya mwenye nyumba kuzitengeneza. Kwa hiyo hilo bati ni lenu, wala si hisani kwa mpangaji.

BiMkubwa wa Majengo:
Mwanangu, mimi ni mwenye nyumba na sipendi tunavyochorwa kila mara kuwa madhalimu. Wapo wapangaji ambao kila mwezi huwa na msiba mpya. Hata hivyo Msomasheria amesema kweli kuhusu paa. Mpelekeni fundi kwanza, mpige picha kabla na baada, na risiti ya mabati na misumari iwekwe. Mdogo wako naye anunue kitabu cha risiti. Kodi inayopokelewa mkono kwa mkono bila karatasi ndiyo inayotutia aibu tukiulizwa nani alilipa na lini.

MwanaKisauni:
Ahsante sana, mama. Swali langu kwa Msomasheria: je, mpangaji ana haki ya kuzuia kodi kwa sababu ya uvujaji?

Msomasheria:
Kwa kawaida hana. Sheria husimamisha kodi, yote au sehemu yake, pale nyumba inapoharibiwa na maafa kama moto au mafuriko ambayo hayakutokana na kosa la mpangaji, na bati lililotoboka halifikii hapo. Lakini mkifika mahakamani atalitaja, na hakimu atataka kujua mlifanya nini baada ya kuarifiwa.

Mkitaka ahame, mpeni notisi ya maandishi isiyopungua kipindi cha upangaji, yaani mwezi mmoja kamili kwenu, na mbaki na nakala aliyoitia saini. Akikataa kutoka, nendeni mahakamani. Baraza la kodi lililo chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, husikiliza mashauri ya nyumba za kuishi ambazo kodi yake halali haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho kwa maoni yangu kimepitwa na wakati, kwa sababu kinawaacha nje wapangaji wengi wa mjini. Na ikiwa mnataka kukamata mali yake kufidia kodi, kazi hiyo ni ya dalali mwenye leseni, si ya ndugu yako na vijana wa mtaani.

KaraniHesabu:
Limesahaulika jambo moja. Vyumba sita kwa 4,500 ni shilingi 27,000 kwa mwezi, sawa na 324,000 kwa mwaka, na mkazi wa Kenya ambaye kodi ya nyumba zake za kuishi inazidi 288,000 kwa mwaka huingia katika ushuru wa mapato ya kupangisha. Tangu Januari 2024 kiwango ni asilimia 7.5 ya kodi iliyopokelewa, kwa hiyo mwezi ambao wote wamelipa mama atadaiwa shilingi 2,025, zinazolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama ya fundi wa paa haipunguzwi katika hesabu hiyo.

BiMkubwa wa Majengo:
Na kabla ya notisi, mama mwenyewe akae na huyo mpangaji, bila mdogo wako kuwapo. Paa likishatengenezwa, mwandikiane deni lilipwe kidogo kidogo pamoja na kodi ya kila mwezi, kila upande ubaki na karatasi yake. Akikiuka hayo, ndipo notisi itoke.